Kizibo cha Gaala

Nakumbuka siku ya maji, mwanangu, na kabla sijaingia ndani yake acha niwataje tuliokuwa juu ya lile lori, maana wengi wao wametangulia na mtu akitajwa jina ni kama amepewa kiti. Usukani alishika mume wangu Jillo. Kando yake alikaa baba yake, Mzee Komora, mwenye lori. Mlangoni, amesimama kwenye kidato na mkono mmoja umeshika nguzo ya kioo, alikuwa Mzee Godana, Muorma, fundi wetu, ambaye hakuwa ndugu wa damu lakini Mzee Komora alikuwa hali chakula cha mchana kabla hajauliza kama Godana amekula. Nyuma nilikaa mimi, Habona binti Makorani, bibi harusi wa miezi saba. Tulipofika Hewani akapanda mama yangu Hadhidha na mdogo wangu Habuya, pamoja na majirani zao, ambao nikiwataja wote daftari litaisha. Wifi yangu Hawayu hakuwamo, alibaki Garsen, lakini naye ana sehemu yake katika mambo haya na ataipata.

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu. Anayenipangia herufi hapa ni mjukuu wangu Hamaro, na nimemwambia apange herufi, asinipangie maneno.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, la zamani, pua fupi, magurudumu ya kunifika kifuani, rangi yake kama majani yaliyokauka. Mzee Komora alilitoa kwenye mnada wa vyuma chakavu. Lilivutwa kwa kamba mpaka nyuma ya nyumba yetu Garsen, na watu wakaja kulitazama wamefunga mikono kifuani kama waliokuja matangani. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti. Radieta ilikuwa na nyasi. Mzee Godana alikuwa amefanya kazi jeshini miaka mingi, fundi wa malori ya namna hiyo hiyo, kisha akastaafu akarudi kwa ng'ombe zake. Alilizunguka mara tatu. Akaligonga ubavuni kwa kidole, akasikiliza.

"Hii si mgonjwa," akasema. "Hii ina njaa tu."

Yeye ndiye aliyelipa jina, Gaala, ambalo kwa Kiorma ni ngamia. Jillo akamuuliza ni kwa sababu ya nguvu zake? Mzee Godana akasema hapana, ni kwa sababu anakunywa sana na hana haraka.

Miezi mitano walimfungua Gaala na kumfunga tena. Mzee Godana alikuwa na desturi yake: kila nati iliyotoka ililazwa juu ya gunia kwa mpango wa kutoka kwake, ya kwanza huku, ya mwisho kule, na atakayelivuka gunia lile alifukuzwa kama kuku. Kazi yangu ilikuwa kuziosha nati ndani ya kopo la petroli kwa mswaki mkuukuu na kurudisha kila moja mahali pake. Sikujua ni za wapi. Wala sikuuliza. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini bibi harusi mpya mwanangu, aliye katikati ya wakwe, huona bora akae na ujinga wake kuliko aonekane nao.

Siku injini ilipowaka Mzee Komora alilia, akasingizia moshi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokosea. Chini ya tumbo la Gaala, pale panapokaa klachi, kulikuwa na tundu la upana wa kidole gumba. Kila asubuhi lilidondosha oili, tone, tone, kwenye uwanja wangu. Na uwanja wangu, Mungu anisamehe, nilikuwa naupenda kuliko baadhi ya watu. Nilikuwa naufagia kabla jua halijagusa mchanga, mistari ya ufagio imenyooka kama matuta ya mpunga. Halafu pale katikati, doa jeusi la ukubwa wa sahani, na kuku wanalikanyaga na kuniingizia miguu myeusi mpaka mlangoni.

Wifi yangu Hawayu akipita kwenda kuteka maji hakosi neno. "Wifi, mbona gari lenu linajikojolea? Mvalisheni nepi."

Wanawake wenzake wakacheka. Nikacheka nami, lakini kicheko kilinikwama hapa.

Siku moja nikiwa nasafisha chini ya kiti nikakuta kopo dogo, na ndani ya kopo kizibo cha shaba, kizito, cha kukaza kwa kuzungusha. Nikakigeuza geuza. Nikakumbuka lile tundu. Nikaingia chini ya lori nikakijaribu, kikaingia kama mtoto kwenye mgongo wa mama yake. Nikakikaza kwa spana mpaka mkono ukauma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikajiambia, na nikajiona fundi. Siku iliyofuata hapakuwa na doa. Hawayu akapita, akatazama, akaenda zake, na mimi nikaimba kutwa.

Mzee Godana hakuwapo. Alikuwa amekwenda Nanighi kwa ndugu yake, kulikuwa na habari za ng'ombe wagonjwa, akakaa huko mwezi mzima. Angekuwapo angejua siku ile ile. Kila asubuhi akija kwetu alikuwa analitazama lile doa kwanza kabla ya kusalimu watu, anachutama, analigusa, ananusa kidole, kama mfugaji anavyotazama kinyesi cha ng'ombe zake kujua walivyoamka. Mimi nilidhani ni tabia ya uzee. Jillo naye alipoona uwanja mkavu alifurahi, akasema ile sili mpya ya kuzuia oili waliyoweka imekaa vizuri, Gaala amepona. Sikumrekebisha. Akaendelea kubeba mchanga na mbao, kwenda na kurudi.

Ndipo mto ukatapika. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, siyo kwetu, na sisi watu wa Tana tunajua maji ya wenzetu ndiyo hutuua. Habari ikaja kwamba Hewani maji yamo ndani ya nyumba na watu wamepanda tuta la mashamba. Mama yangu alikuwa huko na Habuya, mtoto wa miaka tisa. Magari ya kawaida yalishindwa njiani yakarudi. Mzee Godana alikuwa ameingia kutoka Nanighi usiku wa kuamkia siku hiyo, akaja bila kunywa chai. Mzee Komora akasema twende. Nikasema na mimi naenda. Jillo akanikatalia. Nikapanda nyuma nikakaa, akaacha.

Tukapita Idsowe, tukaenda mpaka pale barabara inapozama. Jillo akasimamisha. Mzee Godana akachukua kopo chini ya kiti akalifungua. Halina kitu. Akainama chini ya lori. Halafu nikasikia spana.

Oili ikamwagika, mwanangu. Si tone. Ilimwagika kama mtu amepindua kibuyu.

Akatoka, mkono mweusi mpaka kiwiko, ameshika kizibo. Hakupandisha sauti. "Nani amefunga mdomo wa gari?"

Nikatazama maji. Mume wangu maskini akafikiri, akakuna kichwa. "Labda ni mimi, Mzee. Alhamisi tulivuka lile bonde, yawezekana nilikifunga nikasahau kukitoa."

"Alhamisi hii?"

"Alhamisi hii."

Mzee Godana akahesabu kwa vidole. Siku nne. Akatazama ile oili mchangani, akamtazama Jillo, na naapa alinitazama na mimi. "Siku nne, oili yote hii," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. Halafu akatazama maji. "Kama ni siku nne klachi haijalewa oili sana, bado itashika. Watu wanangoja. Twende."

Akakikaza kile kizibo tena, safari hii mahali pake na wakati wake, maji yasiingie kwenye klachi, tukaingia.

Kwenda tulikwenda salama, lori lilikuwa tupu. Hewani tukawakuta juu ya tuta, na mikeka, na magunia ya mpunga, na kuku wamefungwa miguu. Mama yangu alikuwa ameshika chungu kilichovunjika mdomo, ndani yake majivu na makaa ya moto aliyoyafukia. Watu wanaokimbia maji hubeba moto kwanza, maana penye nchi kavu kuni utapata lakini kiberiti kitakuwa kimelowa. Akanikabidhi Habuya, akapanda na chungu chake. Lori likajaa mpaka watoto wakakaa juu ya watoto.

Tulipokuwa tunapanda ukingo kutoka kwenye shamba, Gaala akakataa. Injini inalia, magurudumu yametulia. Jillo akaongeza mafuta, injini ikalia zaidi, na harufu ya kuungua ikatujia mpaka nyuma. Tukarudi kinyumenyume mpaka bondeni, maji ya magoti. Akajaribu tena. Hivyo hivyo.

"Mzee, amegoma," Jillo akasema.

Habuya akachukua fimbo ya mtu akainama akaichomeka kando ya gurudumu, akaweka alama kwa ukucha pale maji yalipofika. Watoto wa mto wanajua. Hatujamaliza kubishana alama imemezwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee Godana alikuwa amekadiria ugonjwa kwa siku nne alizoambiwa. Angejua ni mwezi mzima, angemfungua Gaala kule kwenye nchi kavu, akamwosha, tukachelewa kidogo na tukarudi wazima. Kizibo hakikuwa kimetufikisha pale. Kimya changu ndicho kilichotufikisha.

Nikashuka majini nikasimama mbele ya Mzee Godana. "Mzee, ni mimi. Si Jillo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ulipoandama. Huu unaokwisha."

"Kwa nini?"

Mbele ya mama yangu, mbele ya mkwe wangu, mbele ya Hewani nzima, nikasema, "Lilikuwa linachafua uwanja."

Halafu Mzee Komora akatoa kichwa dirishani. "Yaani unatuua kwa ufagio?" Na bibi mmoja nyuma huko akacheka, akashindwa kujizuia, na mimi nikatamani maji yafike haraka.

"Komora, wacha," Mzee Godana akasema. "Huyu sasa amesema. Sasa ninajua ugonjwa. Nani ana majivu makavu, yanyonye oili?"

Kila mtu akatazama kile chungu cha mama yangu.

"Makaa tupa kwenye maji," akamwambia, "yote, hata cheche. Mimi naleta petroli hapa."

Mama yangu akatazama moto wake. Ulikuwa umetoka kwenye jiko la nyumba yake, haukuwahi kuzimwa tangu mvua za mwanzo. Akayatoa makaa moja moja kwa kigae, kila kaa likaingia majini na sauti yake. Akapapasa majivu kwa kiganja, akapapasa tena mpaka chini, ndipo akasema, "Yamepoa. Chukua, baba."

"Wewe," Mzee Godana akaniambia, "mkono uliofunga ndiyo utafungua. Ni mdogo, utaingia."

Nikaingia chini ya lori, maji yananifika kiunoni nikiwa nimechutama. Nikakitoa kizibo. Oili ikanishukia begani. Kuna kifuniko kidogo ubavuni mwa klachi, Jillo akakifungua, Mzee Godana akamimina petroli kwa kikombe cha chai huku Jillo akikanyaga na kuachia, na ile petroli ikatoka kwenye tundu nyeusi, kisha kahawia, kisha kama chai ya rangi. Tukasubiri ikauke, na kusubiri huko Mungu peke yake anajua urefu wake. Ndipo nikatia majivu kwa ncha za vidole, machache, nikiambiwa hapa, sasa pale, basi, yanatosha usimlishe kama mgeni. Nikakikaza kizibo. Nikatoka.

Jillo akaweka gia ya chini. Gaala akatetemeka mwili mzima, akashika. Akapanda ule ukingo polepole, hana haraka, kama jina lake. Nilipogeuka kutazama fimbo ya Habuya sikuiona.

Tulipokanyaga nchi kavu, jambo la kwanza niliingia chini nikakitoa kizibo. Hakuna aliyeniambia. Mzee Godana alikuwa amekaa juu ya jiwe anakamua maji kwenye kikoi chake. Akaniita. Nilijua sasa nitapata yangu, na nilikuwa tayari.

"Binti Makorani," akasema, "kufunga lile tundu ni kosa la mkono. Mkono haujui, unafundishwa. Hilo hata sijalihesabu. Lakini nimeuliza ukiwa unasikia, ukaacha mume wako akisie. Fundi akidanganywa, anatibu gari ambayo haipo."

Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

"Ile gari inadondosha kwa sababu inaongea na mimi. Asubuhi naangalia doa, najua imelala vipi. Siku nikikuta haina doa, ndiyo naogopa. Ufa unaziba, ndiyo, wazee wamesema kweli. Lakini si kila tundu ni ufa. Hili aliliacha mtu makusudi. Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

Akachukua mkono wangu akaniwekea kile kizibo kiganjani, akanifunga vidole. "Kuanzia leo wewe ndiyo mwenye kizibo. Mimi sitafunga tena. Jillo hatafunga. Gari haiingii maji bila wewe."

Mwanangu, nimepewa vitu katika maisha yangu. Nimepewa ng'ombe, nimepewa leso, nimepewa watoto sita. Sijapewa kitu kama kile. Mtu aliyekosea huwa ananyang'anywa, yeye alinipa. Na tangu siku ile kila mto ulipotapika watu walisikika wakisema, mwiteni Habona, lori linaingia majini. Hata Hawayu. Alikuja siku moja kuchukua doa la oili kwa kidole, anataka kupaka bawaba ya mlango wake, akasema, "Wifi, huyu wenu leo amekojoa kidogo, hajambo?" Tukacheka sote wawili, safari hii kikashuka mpaka tumboni.

Mzee Godana alitangulia. Mzee Komora akamfuata. Jillo naye, mume wangu, akaniacha. Gaala akasimama nyuma ya nyumba chini ya turubai, hana dereva. Vijana wakataka kumkata wauze vyuma. Nikakataa. Nilikuwa nimemwona Mzee Godana alivyofanya na injini isiyotembea, nikafanya hivyo hivyo: kila Jumamosi, natia oili kidogo pale plagi zinapoingia, nachukua lile handeli la mbele, nazungusha nusu duara. Nusu tu, nguvu zangu ndizo hizo. Majirani wakasema bibi anamtafuta mumewe ndani ya injini. Waliosema hivyo hawakukosea sana.

Mwaka jana mjukuu wangu Hamaro, aliyemaliza ufundi wa magari chuoni, alimleta mwenzake wa gereji hapa Garsen. Jina lake Dube, na nilipomuuliza wewe wa nani, akasema babu yake ni Mzee Godana. Nilikaa chini. Walitegemea kukuta injini imeshikana kwa kutu. Dube akashika handeli kwa mikono miwili akajikaza, ikazunguka kirahisi akakaribia kuanguka. "Bibi, hii imelala wapi miaka hii yote?" akasema. Nikamwambia haijalala.

Wamemtengeneza miezi minane. Breki mpya, mipira ya maji mipya, tangi limeoshwa, nati zote juu ya gunia, nilihakikisha. Siku alipowaka nililia na sikusingizia moshi. Kesho yake asubuhi nikawakuta wote wawili wamechutama, wana sura ya msiba. Chini kulikuwa na doa, dogo, la ukubwa wa kifuniko cha chupa.

"Bibi, inavuja hapa chini ya klachi," Hamaro akasema. "Tulikuwa tunasema tutafute kitu tuzibe."

Nikafungua pindo la leso yangu. Kimekaa hapo tangu siku nilipopewa, kimekuwa laini kama jino. Nikamsimulia Hamaro haya unayoyasoma, kisha nikamwekea kiganjani, nikamfunga vidole. Mikono yake ni midogo kama yangu ilivyokuwa.

Basi neno langu kwako, mwanangu. Ukiingia kwenye nyumba, au kazi, au ndoa, ukakuta tundu wazi, usikimbilie kuliziba. Uliza nani aliliacha na kwa nini. Anayekulalamikia kila asubuhi, vumilia uchafu wake, anakuambia alivyoamka. Na ukikosea, sema siku ile ile, ukiwa bado kwenye nchi kavu, kabla maji hayajafika magotini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine kinachukua na waliopanda nawe. Na ukiwa mkubwa, akaja kwako mdogo aliyekosea na kusema, usimnyang'anye. Mpe kizibo.

Namshukuru Mungu kwa mkono uliofunga mkono wangu. Mungu akujalie mzee wa kukukemea bila kukuvunja, akujalie majivu makavu siku ya maji, na mto wako ukitapika ukukute juu ya kitu kinachoshika.

Wenye kumbukumbu, wa Hewani na wa Garsen, kama nimekosea jina la mtu, au ilikuwa Jumatano wala si Alhamisi aliyosema Jillo, au aliyecheka kule nyuma alikuwa ni bibi yenu na hakucheka, njooni mniambie. Nitakuwa hapa uwanjani. Tundu hili nimeliacha wazi makusudi.